Busara Si Hila: Somo Juu ya Nguvu Tulizo Nazo Nyumbani na Kazini

Mara nyingi twamsikia Mkristo mwema akisema, "Mimi mambo ya ukubwa siyataki, nawaachia wenyewe." Husema hivyo kwa moyo safi, akidhani kwamba mwenye kukaa mbali na uongozi amekaa mbali na dhambi zake pia. Lakini mtu huyohuyo akirudi nyumbani jioni, neno lake moja latosha kuwanyamazisha watoto wote. Na akiwa kazini, faili moja akiliweka chini ya mengine, mjane anayedai haki za marehemu mumewe hungoja mwezi mzima zaidi. Je, mtu huyu hana ukubwa? Anao, ila hajui kwamba anao. Na nguvu asiyoijua mwenyewe ni kama moto ulioachwa jikoni bila mtu: waweza kuivisha chakula, na waweza kuiteketeza nyumba.

Somo letu la leo lahusu nguvu hiyo. Kwa neno nguvu hatusemi misuli ya mikono, bali uwezo wa kumfanya mtu mwingine atende, aache, au angoje. Kila mmoja wetu anao uwezo huo juu ya wengine, na kila mmoja yuko chini ya uwezo wa wengine. Asiyetaka kulijua jambo hili hatoki ndani yake. Hubaki humo akiwa kipofu, akiwaumiza wadogo wake bila kukusudia, na akitumiwa na wajanja bila kutambua. Yafaa basi tujiulize mambo mawili: nguvu hutoka wapi? Na Mkristo aitumieje bila kuichafua roho yake?

CHEMCHEMI ZA NGUVU

Mwaka 1959 wataalamu wawili wa Marekani, John French na Bertram Raven, waliandika kwamba nguvu ya mtu juu ya mwenzake hutoka katika chemchemi tano. Tuzieleze kwa mifano ya kwetu. Ya kwanza ni adhabu: mtoto hutii kwa kuogopa fimbo. Ya pili ni thawabu: kibarua humtii msimamizi kwa sababu ujira wa Jumamosi umo mikononi mwake. Ya tatu ni cheo halali: dereva husimamisha gari askari wa barabarani anapoinua mkono, wala hamwulizi jina lake, kwa maana vazi lake latosha. Ya nne ni ujuzi: hata tajiri huvua shati bila ubishi mbele ya mganga wa hospitali. Ya tano ni kupendwa na kuigwa: kijana huacha pombe kwa sababu mjomba anayemstahi haigusi. Baadaye, mwaka 1965, Raven aliongeza ya sita, nayo ni habari: ajuaye yaliyoamuliwa kikaoni ana nguvu juu yao wasiojua.

Sisi twaweza kuongeza moja ambayo kila mtu wa kwetu aijua, nayo ni mahali. Karani anayekaa mlangoni pa mkubwa hana cheo cha kutajwa, lakini ndiye anayeamua nani aingie leo na nani aambiwe arudi kesho. Katibu wa chama hapigi kura zaidi ya wengine, lakini ndiye anayeandika mambo ya kujadiliwa. Na jambo lisiloandikwa halijadiliwi. Mlinzi wa lango, dereva wa mkuu, mpishi wa shule, mama mkwe anayelala chumba cha pili: wote hawa wana nguvu ya mahali.

Sasa tazama tofauti iliyomo. Adhabu, thawabu na cheo mtu hupewa, na alichopewa chaweza kuondolewa kwa barua moja. Tumewaona wakubwa ambao, siku waliyostaafu, simu yao ilinyamaza kabla ya jua kutua. Lakini ujuzi na heshima aliyoichuma mtu kwa mwenendo wake haviondoki na kiti. Mwalimu mstaafu kijijini, asiye na fimbo wala mshahara wa kumpa mtu, huitwa usiku kusuluhisha ugomvi wa mume na mke, naye akisema husikilizwa. Huyu ana nguvu kubwa kuliko watu wengi wenye ofisi, nayo aliichuma kwa miaka mingi ya kutosema uongo.

Tena, zipo nguvu za mtu anayejiona hana kitu. Mfanyakazi wa ndani anajua siri za nyumba. Kijana wa kazi anajua mashine inavyonguruma kabla ya kuharibika, jambo asilolijua meneja. Mke ambaye hakuchuma fedha ana sahihi yake, kama tutakavyoona. Hakuna asiye na nguvu kabisa. Na kwa hiyo hakuna atakayesema mbele ya Mwenyezi Mungu kwamba hesabu ya nguvu haimhusu.

BUSARA NA HILA

Wako Wakristo wanaodhani kwamba kupanga mapema namna ya kumshawishi mtu ni ujanja usiomfaa mwamini. Wao husema yaliyomo moyoni, popote, kwa sauti yoyote, kisha wakishindwa hujifariji kwamba wameshindwa kwa ajili ya ukweli. Mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini mara nyingi wameshindwa kwa ajili ya uvivu wa kufikiri. Bwana wetu alipowatuma mitume kama kondoo kati ya mbwa mwitu, hakuwaagiza wawe wapole tu. Aliwataka pia wawe na werevu, akautaja werevu wa nyoka pamoja na unyofu wa njiwa. Mkulima asiyechagua majira ya kupanda hasifiwi kwa unyofu wake.

Kwa upande mwingine wako wasemao kwamba njia yoyote ni halali ikimfikisha mtu atakako. Mwalimu wao mkubwa ni Niccolò Machiavelli wa Florence, aliyeandika mwaka 1513 kitabu juu ya mtawala, kilichochapwa mwaka 1532, baada ya kifo chake. Humo alifundisha kwamba mtawala atakaye kudumu lazima ajifunze kuwa asiye mwema, na kuutumia ubaya huo kila hali inapomlazimu. Machiavelli aliyaona vizuri mambo ya watu wa siku zake. Alichokosa ni kufikiri kwamba mkono waweza kushika matope kila siku na ukabaki kuwa safi.

Kati ya wawili hao anasimama Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274. Yeye aliihesabu busara kuwa fadhila inayoziongoza fadhila nyingine, kwa maana bila busara hata ushujaa huwa ukichaa, na hata ukarimu huwa ubadhirifu. Lakini alionya kwamba ipo dhambi inayofanana na busara kama kuvu inavyofanana na uyoga: ni hila, yaani kutumia njia za uongo na za kujifanya. Na ajabu ya mafundisho yake ni hii: hila hubaki dhambi hata ikitumiwa kwa ajili ya kusudi jema. Anayedanganya ili apate fedha na anayedanganya ili parokia ipate kengele, wote wawili wamedanganya.

Basi tutazitenganishaje, ikiwa zote mbili hupanga, huchagua maneno, na hungoja wakati wake? Twapendekeza kipimo kimoja, chepesi kukumbuka: *Siku yule mtu atakapojua yote niliyoyafanya, je, nitaweza kumtazama usoni?* Ikiwa naweza, hiyo ni busara. Ikiwa lazima nitafute uongo wa pili wa kuufunika wa kwanza, hiyo ni hila.

Angalia kwamba kipimo hiki hakisemi umwambie kila mtu kila jambo leo. Padre hutunza siri ya kitubio. Mganga hutunza siri ya mgonjwa. Na mama aliyepigwa na mumewe, anayekimbilia kwa wazazi wake usiku, halazimiki kumwaga yule aliyempiga. Kunyamaza si hila. Hila ni kumfanya mtu aamini jambo lisilo kweli, ili mkono wake utende ambalo moyo wake ungelikataa kama angejua.

ABSALOMU NJIANI, NATHANI MBELE YA MFALME

Maandiko Matakatifu yametupa vioo viwili katika nyumba moja, nyumba ya mfalme Daudi.

Kioo cha kwanza ni Absalomu, mwana wa mfalme. Yeye aliamka alfajiri akasimama kando ya njia iendayo langoni. Kila aliyepita na kesi yake kwenda kwa mfalme, Absalomu alimwita, akamwuliza atoka mji gani, akamhurumia, akamwambia kwamba madai yake ni ya haki lakini kwa mfalme hakuna wa kumsikiliza. Kisha akaongeza, kana kwamba limemponyoka tu, kwamba laiti yeye angekuwa mwamuzi, kila mtu angepata haki. Mtu akitaka kumwinamia, Absalomu alimshika mkono akambusu. Hivyo aliiba mioyo ya Waisraeli.

Tafadhali msomaji, tazama kazi hiyo ilivyofanywa kwa ustadi. Mahali, alichagua njia ya lango. Wakati, alichagua alfajiri. Alijua majina ya miji. Alishika watu mikono. Yote hayo hayana ubaya. Hata kiongozi mwema angeyafanya. Ubaya ulikuwa huu, kwamba Maandiko hayatuonyeshi hata siku moja Absalomu akiingia kwa baba yake kumwambia, "Baba, watu wanangoja langoni." Malalamiko ya watu aliyakusanya kama kuni, asiyapeleke mahali pa kutibiwa, kwa kuwa alizihitaji kuni hizo kwa moto wake mwenyewe. Mwisho wake twaujua: alinaswa kichwa katika mwaloni, na baba aliyesalitiwa akamlilia.

Kioo cha pili ni nabii Nathani. Daudi alikuwa amemchukua mke wa Uria na kumfanya Uria auawe vitani. Nathani alipotumwa kwake hakuingia akipiga kelele. Alianza na hadithi ya tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja tu. Daudi, aliyekuwa mchungaji ujanani mwake, alighadhibika akatoa hukumu. Hapo ndipo Nathani alipomwambia, uso kwa uso, kwamba mtu huyo ni yeye mfalme.

Nathani naye alipanga. Alichagua hadithi iliyomgusa mfalme mahali penyewe, akamwacha atoe hukumu kabla hajajua hukumu ni ya nani. Lakini pazia alilolishusha alilifunua mwenyewe, palepale, mbele ya mhusika, kwa hatari ya shingo yake. Absalomu alisema ya Daudi mbele ya watu wote isipokuwa Daudi. Nathani alisema ya Daudi mbele ya Daudi. Katika tofauti hiyo ndogo limo somo letu lote.

MFANO WA TABORA

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni ya zamani sana, na kwamba katika mambo makubwa ya dunia asiyetumia hila hushindwa. Tumjibu kwa mfano wa nchi yetu wenyewe.

Mwezi wa Januari mwaka 1958 wajumbe wa chama cha TANU walikutana mjini Tabora wakiwa na jambo zito. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa masharti ya kura tatu: kila mpiga kura alipaswa kuwachagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na asiyewachagua wote watatu kura yake ilikuwa bure. Zaidi ya hayo, haki ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya kipato, elimu au kazi, hata Waafrika walio wengi wakabaki nje. Masharti hayo yalikuwa ya dhuluma, na wajumbe wengi walitaka chama kiususie uchaguzi.

Kiongozi wa chama alikuwa Julius Nyerere, Mkatoliki, ambaye aliwahi kufundisha mjini hapohapo Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria kati ya mwaka 1946 na 1949, na ambaye mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu huko Pugu kwa ajili ya siasa. Yeye aliona kwamba wakisusia, viti havitabaki vitupu; vitachukuliwa na chama cha UTP, kilichoundwa mwaka 1956 kwa kupendelewa na serikali. Mlango ulikuwa mwembamba na mchafu, lakini ulikuwa ndio pekee uliofunguliwa. Aliwashawishi wajumbe waingie, wakiwatafuta Waasia na Wazungu waliokubaliana na lengo la uhuru, ili kura tatu zilizotengenezwa kuwagawa ziwe kura tatu za shauri moja.

Je, aliwadanganya wenzake? La. Walibishana kikaoni, kila mtu akasikia. Zuberi Mtemvu, aliyekataa, alitoka akaunda chama chake. Je, waliidanganya serikali? La. Haikuwa siri kwamba TANU waliukataa mpango huo, na kwamba waliingia ndani yake ili wauondoe. Wagombea wa TANU na wale waliowaunga mkono walishinda katika uchaguzi ule wa mwaka 1958 na 1959, na kura tatu zikafikia mwisho. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 chama kilipata viti 70 kati ya 71, na tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Tanganyika ikapandishwa. Azimio lile la Tabora limeitwa hata leo uamuzi wa busara, na jina hilo lalistahili.

Tusimgeuze mtu kuwa sanamu; mfano wake wafaa hata mahali alipokosea. Wiki sita tu baada ya uhuru, tarehe 22 Januari 1962, alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kwa watu kukijenga chama. Alijua kwamba nguvu ya kiti bila nguvu ya watu ni mti usio na mizizi. Lakini miaka ya baadaye serikali yake ilivunja serikali za mitaa mwaka 1972 na vyama vya ushirika mwaka 1976, kwa amri iliyotoka juu. Alipoulizwa mwaka 1984, alikiri kwamba mambo hayo mawili yalikuwa makosa ambayo asingeyarudia. Hapo twajifunza kwamba hata kiongozi mwema, nguvu zikikusanyika mno mkononi mwake, hukosa watu wa kumwambia ukweli mapema. Na twajifunza pia heshima ya mkubwa anayekiri kosa lake akiwa bado kitini.

NYUMBANI

Tuteremke sasa kutoka mambo ya taifa hadi kwenye meza ya chakula, kwa maana huko ndiko kila mtu anakoanza kujifunza busara au hila.

Tuseme yupo mume mwema, fundi seremala, ambaye rafiki zake wamemshawishi aiweke nyumba yao rehani ili apate mkopo wa kununua lori kuukuu. Mkewe aona hatari: watoto wanne, na lori ambalo hakuna fundi aliyelikagua. Afanyeje?

Njia ya hila i wazi mbele yake. Aweza kuzificha hati za nyumba na kuapa kwamba hajui ziliko. Aweza kuwajaza watoto maneno, hata baba akiingia sebuleni wote wakae kimya. Aweza kwenda kwa mawifi, kwa mmoja mmoja, akilia. Huenda akashinda, na nyumba ikapona. Lakini mume atakuja kujua, kwa kuwa nyumba haina siri ya miaka; na tangu siku hiyo kila hati ikipotea atamtazama yeye.

Njia ya busara ni nzito zaidi mwanzoni. Kwanza ajue nguvu alizo nazo. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo sahihi yake si pambo. Asiitie kwa kuogopa ugomvi wa jioni moja, kisha alalamike miaka kumi. Pili, achague wakati: si mbele ya rafiki za mume, wala usiku aliporudi amechoka. Tatu, alete hesabu wala si machozi peke yake: marejesho ya kila mwezi ni kiasi gani, na lori likilala wiki tatu gereji yatalipwa na nani? Nne, kama amehitaji msaada wa mtu wa tatu, aseme waziwazi: "Mume wangu, jambo la rehani sijalikubali, nami sitaki kukuficha. Nimefikiri tumwombe kaka yako mkubwa aje Jumapili, tuzungumze sote watatu. Nakwambia mapema, usije ukadhani nimekushitaki."

Huenda mume akakasirika. Busara haiahidi kwamba hakuna atakayekasirika. Lakini hasira iliyotokana na neno la kweli hupoa, na ikipoa huacha heshima nyuma yake. Nasi twamwambia mume naye: usifikiri kwamba kuitwa kichwa cha nyumba ni ruhusa ya kuamua gizani. Mtakatifu Paulo, aliyeliandika neno hilo, aliwataka waume wawapende wake zao kama Kristo alivyolipenda Kanisa, naye Kristo alilitolea uhai wake, hakuliweka rehani.

Jambo moja zaidi kwa wazazi wote wawili. Mtoto akitumwa kupeleleza, "Nenda kamsikilize baba anasema nini na simu," au akihongwa pipi ili asimwambie mama, amekwisha kufundishwa somo la kwanza la Absalomu. Tusishangae akilihitimu.

KAZINI

Tuchukue mfano wa pili. Mafundi wa karakana moja hawajalipwa saa za ziada kwa miezi mitatu. Njia ya kwanza, na ndiyo rahisi, ni kunung'unika wakati wa chai, kumpa msimamizi jina la utani, na kufanya kazi kwa mkono mmoja. Njia hiyo haijamlipa mtu hata senti. Njia ya pili ni ya mjanja, ambaye huwachochea wenzake mchana na kumpelekea mkubwa majina yao jioni, akitumaini kupandishwa cheo. Huyu asome tena habari za langoni.

Njia ya tatu ina hatua, nazo zafaa katika kazi karibu zote. Uwe na ukweli ulioandikwa: siku, saa, na aliyekutuma, maana maneno hupeperuka, lakini daftari husema. Ujue nani anayeamua hasa. Huenda msimamizi mnayemlaani naye hana ufunguo wa sanduku. Hata hivyo, mwanzie yeye, ili asione mmemruka, kwani mtu aliyerukwa huwa ukuta. Msiende mmoja, asije akaonewa. Wala msiende hamsini, isije ikaonekana ni vita. Watatu wanaoaminika watosha. Leteni shauri la kutengeneza pamoja na lalamiko, mfano malipo ya nusu mwezi huu na nusu ujao, ili mkubwa apate njia ya kukubali bila kuaibika. Nanyi mwe watu ambao kazi yao haina dosari, kwa kuwa mdai haki anayechelewa kazini kila Jumatatu ameshindwa kabla hajafungua kinywa. Mkikataliwa, kipo chama cha wafanyakazi. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, aliutetea waziwazi uhalali wa wafanyakazi kuungana. Wala si uasi kuutumia.

Nawe uliye mkubwa wa kazi, pima nguvu yako kwa swali hili: ni lini mara ya mwisho mtu wa chini yako alikuambia jambo usilotaka kulisikia? Ikiwa hukumbuki, usifurahi ukidhani kwamba mambo ni mazuri. Yawezekana umekwisha kuwafundisha wote kunyamaza, nao Absalomu wako amesimama njiani tayari.

Hayo yafaa hata katika jumuiya zetu na vikundi vya kuweka na kukopa. Mtunza hazina anayekaa na daftari peke yake mwaka mzima, hata akiwa mtakatifu, amewekwa majaribuni na wenzake. Daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi. Kufanya hivyo si kumshuku, ni kumlinda.

DALILI ZA HILA

Imebaki neno juu ya kujikinga, kwa maana anayekusudia kutotumia hila hakuahidiwa kwamba hatatumiliwa. Ziko dalili nne, na mara nyingi huja pamoja. Ya kwanza ni haraka: "Tia sahihi leo, kesho nafasi haipo." Jambo jema kwa kawaida huvumilia usiku mmoja. Ya pili ni siri isiyo na sababu: "Usimwambie mkeo kwanza." Ya tatu ni sifa zilizopita kipimo: mtu aliyekufahamu juzi akikuambia kwamba wewe peke yako ndiwe mwenye akili pale ofisini, jua kuna mzigo anaoutafutia bega. Ya nne ni kukutenga: hukupa habari mbaya za kila rafiki yako, mpaka ukabaki na yeye tu. Ukiziona mbili kati ya hizi, simama. Ukiziona zote nne, ondoka.

HITIMISHO

Usiku ule kabla ya kuteswa kwake, Bwana wetu alijua kwamba Baba ametia vitu vyote mikononi mwake. Mtume Yohane alitaja jambo hilo kwanza, kisha akaeleza alichokifanya Bwana kwa mikono hiyo yenye uwezo wote: alijifunga kitambaa, akatia maji katika bakuli, akaosha miguu ya wanafunzi wake. Hakuikana nguvu yake, wala hakusema kwamba mambo ya ukubwa hayataki. Aliijua, akaielekeza kwa wadogo, waziwazi, na hata miguu ya yule aliyekusudia kumsaliti aliiosha.

Basi, ndugu wasomaji, jumapili hii baada ya chakula, wazazi na watoto wakubwa wakae pamoja wajiulize maswali haya matatu. La kwanza: katika nyumba hii na katika kazi yangu, ni nani anayengoja kwa sababu yangu? La pili: ni neno gani nililolisema juu ya mtu mbele ya wengine, ambalo sijalisema mbele yake? La tatu: ni nani asiyethubutu kuniambia ukweli, na nimemfanyia nini hata akaogopa?

Na kama mtu akikumbuka kwamba liko faili la mjane lililolala chini ya mengine, asingoje kumaliza maswali yote. Jumatatu asubuhi alitoe, aliweke juu.